James wa Nne na Posa ya Riziki

Espérance, mmoja wenu niliowafundisha kazi, ndiye aliyenishurutisha niandike. Alinipigia simu akasema, "Mzee Salehe, uliondoka na kichwa chako, sisi umetuachia vumbi." Basi naandika, ingawa kukaa kitako kwenyewe kunanishinda. Tangu nistaafu nimehamia chumba kimoja hapa Rosettenville, Johannesburg, na kila asubuhi najikuta nimeshafuta meza isiyo na vumbi, nimesogeza kiti, nimekirudisha palepale. Jirani yangu, mama wa Kireno, hunichungulia dirishani akidhani nimepoteza kitu. Sijapoteza kitu bwana. Ni mikono tu ambayo haijaambiwa kwamba kazi imekwisha.

Nyinyi mnaoishika nyumba ile sasa mnaijua kama ukumbi wa harusi: mahema, maspika, maharusi wanaopigwa picha kwenye ngazi. Mimi niliikuta ikiwa nyumba ya watu. Aliyeijenga pale juu kilimani, mtaa wa Observatory, alikuwa babu wa mume wa Madam, mwajiri wangu. Alitajirika kwa dhahabu, naye mwenyewe alizaliwa juu ya duka la mishumaa huko kwao Uingereza. Alipopata fedha akataka nyumba kama ya malodi waliokuwa wakinunua mishumaa ya baba yake. Ndiyo maana ina mabomba ya moshi mengi kuliko watu wa kuota moto, na kule jikoni kuna ule ubao wa kengele, kila chumba na kengele yake. Mzee yule alinunua hata picha za mababu mnadani. Wale wenye pua ndefu ukumbini si wake. Ni mababu wa watu wengine waliofilisika.

Mshahara sitauzungumza, mtalia bure. Na cheo nilipewa kimoja tu, siku ya kwanza, mlango wa nyuma. Mzee Phiri, Mmalawi mwembamba aliyekuwa akistaafu, ndiye aliyenipokea. Kiswahili chake alikiokota Tunduma alipokuwa akivuka mipaka.

"Jina lako nani?"

"Salehe Mbwana. Natoka Tanga."

"Vizuri. Ndani wewe ni James."

"James ndiye nani?"

"Mimi." Akanipa koti jeupe. "Wa kwanza aliletwa kutoka Uingereza kwa meli, huyo ndiye aliyekuwa James kweli. Wa pili alikuwa Mzulu. Wa tatu ni mimi. Nyumba kubwa za kule hazibadilishi jina kila zikibadilisha mtu, zinaona ni usumbufu."

Nikamuuliza, na yeye sasa ataitwa nani? Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mimi leo narudi kuwa Phiri. Nimelimisi jina langu, wee!"

Alikaa nami mwezi mzima kunifundisha, na mengi niliyowafundisha nyinyi ni yake. Vyombo vya fedha havitaki dawa kali za dukani. Vinataka unga wa chaki, spiriti kidogo na subira, na unasugua kwa kunyooka, huzungushi mkono kama unayekoroga uji. Nta ya mbao paka kidogo halafu isugue mpaka usahau umepaka. Anayepaka nyingi analitengenezea vumbi kitanda. Mapazia yapigwe kwa ufagio wa manyoya ya mbuni, kutoka juu kushuka chini, na mdomo umefungwa. Ile saa ndefu ya ukumbini atiaye ufunguo awe mtu mmoja, kwa sababu kila mkono una nguvu yake, na saa ile ina kisirani kuliko mke mwenza. Espérance, ninajua mmempa Moïse wa getini aitie ufunguo. Nimesikia inachelewa. Nilijua tu.

Lakini somo kubwa la Phiri halikuwa la vyombo. Wiki ile ya kwanza Madam alikuwa na wageni wa chai, na mimi, kwa kutaka kuonekana kijana wa maana, nikachukua kichetezo nikafukiza udi sebuleni. Kwetu mgeni hakaribishwi kwenye nyumba isiyonukia. Madam akaingia. Akasimama. Akavuta pumzi moja. Hakusema neno. Akaangalia dirishani akasema, "Nafikiri mvua itanyesha," akatoka. Nje jua lilikuwa la kukausha dagaa.

Nikarudi jikoni kifua mbele. Phiri akanitazama kwa huruma. "Amekukataza," akasema.

"Hajasema kitu!"

"Ndiyo maana yake. Sikiliza, James. Madam akikugombeza, nenda kalale usingizi wako, umesamehewa. Akinyamaza, ujue amekataa. Wale wamelelewa hivyo. Hapana ni neno la watu wasio na adabu."

Nikaufungua mlango wa bustani, nikapunga shuka mpaka moshi wa udi ukatoka, na ndege hadida wakanipigia kelele juu ya paa kana kwamba nao walialikwa chai. Tangu siku hiyo nikawa msomaji wa vimya. Cha supu yenye chumvi nilikijua. Cha mgeni asiyetakiwa nilikijua kabla mgeni hajavua kofia. Jamani, kazi hii si ya mikono tu.

Madam mwenyewe alikulia nyumba ya kweli ya aina hiyo, kule Uingereza, si ya kuigiza kama hii. Nyumba yenye jina lake, vyumba visivyohesabika, kuta zilizokuwa za ukoo wao tangu enzi za wafalme wenye mashati ya chuma. Alikuja Johannesburg kwa kuolewa, akakuta nyumba iliyoiga ya kwao, na nadhani hilo lilimuumiza kuliko kama angekuta kibanda. Mume akafa. Mtoto wao wa kiume akaenda Australia, akawa wa kadi za Krismasi. Akabaki anazunguka ndani, chumba hadi chumba, akishika vitu na kuviacha. Mimi nyuma yake na kitambaa.

Mke wangu Mwanaidi alifariki hapahapa Johannesburg, mtoto wetu Riziki akiwa bado hajui kufunga viatu. Hapa sikuwa na shangazi wa kumpa, wala nauli ya roho ya kumrudisha Tanga nikabaki bila yeye. Nikamlea kwenye chumba chetu cha uani na kwenye meza ya jikoni. Kisha siku moja kengele ya sebuleni ikalia. Nilipokwenda, Madam akaniambia nimlete mtoto baada ya chai, ameoga na amechanwa nywele, akae saa moja. Nikashangaa. Akanieleza kwamba ndivyo yeye alivyolelewa: watoto waliishi juu na yaya, wakishushwa kwa wazazi saa moja tu kwa siku, safi kama vyombo vya maonyesho. Mama yake alimjua kwa saa hiyo moja. Kwetu huyo tungemwita yatima, lakini nilinyamaza, nikamwogesha mtoto.

Saa moja ikawa kila siku, miaka na miaka. Riziki alikaa kwenye zulia na Madam akisimulia. Nilikuwa nikiingia na kutoka na sinia, kwa hiyo nami nimesikia yote, vipande vipande. Watoto waliendesha baiskeli ndani ya ujia siku za mvua. Maji ya kunawia yaliganda barafu ndani ya jagi. Babu mmoja alipoteza msitu mzima kwa kamari ya karata, akala chakula cha jioni kama kawaida. Na hadithi Riziki aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya dada mkubwa wa Madam. Baba yao alimuuliza mezani, mbele ya watu, kama angependa kuolewa na kijana wa mashamba ya jirani. Dada akashika kijiko chake, akanywa supu mpaka ikaisha, kimya. Baba akaelewa. Akaanza kuzungumza habari za mbwa wake, na jambo lile halikutajwa tena maishani.

"Hakuna aliyeaibika," Madam alikuwa akimaliza, na Riziki akirudia, "Hakuna aliyeaibika," kwa Kiingereza kile kile cha puani.

Nyumba ile ya kwao hatimaye iliwashinda. Paa peke yake lilikuwa linakula kuliko ukoo. Ikawa ya kutembelewa. Madam alikwenda mara moja akiwa mzee, akakata tiketi kama wenzake, na alipotaka kukaa kwenye kiti kidogo cha chumba cha watoto, alichokalia yeye, binti mwenye beji akamwambia tafadhali asiguse. Hilo alilisimulia mara moja tu, kisha akasema mvua itanyesha.

Basi Riziki akakua hivyo. Picha zote za ukumbini alizijua, za kununua na za ukoo wa kweli wa Madam, majina hadi kizazi cha saba. Shuleni alizungumza Kizulu, sebuleni Kiingereza, na Kiswahili alikielewa chote lakini kukijibu, eish, hapana. Nilimwambia, "Njoo ule," naye akinishukuru kwa Kiingereza, utadhani mimi ndiye niliyeajiriwa naye. Watu wa Tanga tukikutana Ijumaa waliniambia, "Salehe, una mtoto au una Mzungu?" Nilicheka nao. Nikirudi nilikuwa silali vizuri. Niliogopa, nasema wazi. Niliona nyumba ile imekwisha kunichukulia jina, sasa inamchukua mtoto, na siku moja ningekufa akanizika kwa adabu tu.

Ndipo Mzee Bakari alipokuja chumbani kwangu uani na habari ya Hamisi. Mzee Bakari ndiye tuliyemchukulia mkubwa wetu watu wa Tanga mjini hapa, fundi kanzu, mwenye sauti ya kusimamisha harusi. Hamisi alikuwa mpwa wake, kijana wa kutengeneza simu hapa Rosettenville, hana sigara, hana maneno. Alimwona Riziki kwenye maulidi akampenda. "Tumekuja kuomba," akasema Bakari. Nilijibu kama inavyopasa kujibu, kwamba nimesikia, anipe nafasi nimuulize mwenyewe. Lakini moyoni nilikwisha kupiga vigelegele. Mume wa Tanga, wakwe wa Tanga, watoto watakaolia kwa Kiswahili! Nilimwona binti yangu akirudi kwetu bila kupanda hata basi.

Kazi ya kumuuliza mwari ni ya shangazi au bibi. Hapa sikuwa nao. Nikamuuliza mimi, jikoni, akipiga pasi vitambaa vya meza. Nilimweleza Hamisi ni nani, ukoo wake, tabia yake. "Unasemaje, mwanangu?"

Riziki akainamisha macho. Pasi ikaenda, ikarudi. Hakusema kitu.

Nyote mnaotoka pwani mnajua. Mwari akiulizwa akanyamaza na kuinamisha macho, amekubali. Kinachomzuia ni haya. Hivyo ndivyo walivyoulizwa dada zangu. Nilitoka jikoni nikicheka peke yangu, nikampigia Bakari nikamwambia waje Jumapili kupokea jibu.

Siku zilizofuata sikutulia. Kulikuwa na kitu. Riziki alikuwa na adabu kupita kiasi. Ananifungulia mlango. Ananiuliza kama nimelala vizuri. Jua limewaka, yeye anazungumzia mawingu. Nikajiambia ni haya za mwari. Nikasugua vile vijiko mpaka vikakaribia kutoboka, na bado mikono ilitaka kitu kingine cha kusugua.

Jumapili Madam alisema wageni wataingia mlango wa mbele na watakaa sebuleni. Sikubisha. Wakaja, Mzee Bakari na wenzake watatu wenye kanzu zilizonyooka, na sinia limefunikwa kitambaa. Njia nzima robot, zile taa za barabarani, zilikuwa zimezimika kwa mgao wa umeme, wamefika na jasho. Nikafungua mlango na, wallahi, mwili ukanisaliti. Nikapokea kofia zao. Nikawavutia viti. Nikasimama kando mikono nyuma.

"Salehe, keti bwana!" Bakari akafoka. "Wewe ndiye baba wa mwari au mhudumu wa hoteli?"

Wakacheka, nami nikacheka. Nikakaa pembeni ya kochi ambalo nilikuwa nimelifuta vumbi tangu ujana wangu na sijawahi kulikalia. Madam alikuwa kwenye kiti chake dirishani, mdogo kama ndege, akiitikia kwa kichwa kwa heshima asijue linalosemwa. Bakari akakohoa kuanza. Mimi, badala ya kutulia nimsikilize, nikaruka: "Ngoja nilete chai!" Nikakimbilia jikoni.

Riziki alikuwa amesimama mbele ya vikombe, amevipanga na kuvipanga tena. Nyuma yangu nikasikia fimbo ya Madam. Miaka yote hiyo sikumwona akiingia jikoni. Sidhani kama alijua mlango unafungukia upande gani.

"James," akasema, "wale mabwana wamekuja kusherehekea nini?"

Nikamwambia.

"Lakini mtoto ameniambia amekataa."

"Hajakataa, Madam. Nilimuuliza. Alinyamaza."

Akanitazama. Si kwa hasira. Alinitazama jinsi Phiri alivyonitazama siku ya udi. "Ndiyo, James," akasema polepole. "Alinyamaza."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi, msomaji wa vimya, niliyekijua kimya cha supu na kimya cha mgeni! Nikamgeukia mwanangu. Machozi yalikuwa yanamtoka, mgongo umenyooka, uso haujakunjamana, kama alivyofundishwa.

"Riziki. Sema kwa mdomo."

Akasema kwa Kiingereza kwamba amekuwa akinijibu wiki nzima.

"Kwa mdomo, mwanangu! Mimi si mtu wa nyumba hizi. Mimi ni baba yako. Nipigie kelele!"

Akavuta pumzi. "Sitaki, Baba." Kisha kwa nguvu, kwa Kiswahili, mpaka kikombe kikalia kwenye kisahani: "Sitaki! Sina ubaya na Hamisi, lakini simjui, na sitaki!"

Sebuleni mazungumzo yakakatika. Walikuwa wamesikia, nani asingesikia?

Nikarudi bila chai. Nilisimama mbele yao na zile kofia zao zilikuwa bado mezani zimepangwa kwa ukubwa, kazi ya James. "Mzee Bakari," nikasema, "binti yangu hataki. Kosa la kuwaita ni langu, si lake. Naomba radhi."

"Umetuita," akasema Bakari, "tukavaa, tukavuka mji mzima juani, tuje tutukanwe na mtoto anayepiga kelele jikoni? Mwari anajibu kwa kelele? Mwacha mila ni mtumwa, Salehe. Na wewe mtumwa ulikwisha kuwa, nilikuwa sitaki kusema tu."

Lilinichoma. Bado linanichoma. Nilitaka kunyamaza, niseme kitu kuhusu mvua, kila mtu aondoke salama. Badala yake nikasema, "Mila inasema tumuulize. Tumemuuliza, amejibu. Ningemwoza hivyohivyo ndipo ningekuwa nimeacha mila."

Wakachukua kofia na sinia. Bakari hakunipa mkono, na Ijumaa nyingi baada ya hapo alikaa safu nyingine. Watu walimfuata yeye, si mimi, na harusi za Tanga nilizisikia zimeshapita. Hamisi peke yake, huyo kijana, alinitengenezea simu mwaka uliofuata akakataa malipo, akasema, "Afadhali nilijua mapema, Baba." Alioa msichana wa Muheza, wana watoto wawili, Alhamdulillahi. Madam aliishi miaka michache tena, akafariki kitandani mwake, na mtoto wa Australia akaja akauza. Mimi nikavua koti jeupe nikalitundika nyuma ya mlango wa stoo, nikabaki kuwafundisha nyinyi mpaka nilipostaafu. Nyinyi msimwite yeyote James. Mkishindwa kutamka jina la mtu, jifunzeni.

Ila la Jumapili ile sijalimaliza. Walipoondoka, nilikwenda chumbani kwangu uani nikakaa juu ya kitanda na viatu vyangu. Nilikuwa na aibu, na nilikuwa na furaha, na vyote viwili vilikuwa vinanipiga kwa zamu. Jua lilikuwa bado liko juu ya ukuta. Riziki akaja, akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi, akakaa kando yangu.

"Baba," akasema, kwa Kiswahili, akitafuta kila neno kama anayetafuta ngazi gizani, "umekasirika?"

"Sijakasirika."

"Mzee amesema mimi sina mila."

"Mzee ana hasira. Zitapoa."

Akafikiri. "Bibi wa Madam namjua. Na mama wa bibi wa Madam namjua. Alikuwa na farasi mweusi, aliogopa radi." Akafuta pua kwa mkono, Madam angezimia. "Bibi yangu mimi alikuwa nani?"

Miaka yote nimemlalamikia mtoto kwamba hawajui watu wa kwetu, na hakuna aliyekuwa amemkalisha hata saa moja akamwambia. Nikavua viatu, nikajisogeza ukutani nikampa nafasi akunje miguu. Kisha nikaanza na mama yangu, Mwanahamisi binti Kombo wa Pangani, ambaye kunyamaza hakukujua kabisa.